Gauni la Njano Midomoni mwa Mtaa

Mzee Soli hakuwa na mazoea ya kumtambua mtu kwa uso. Kazi yake ilikuwa kushona viatu, na macho yake yaliishia magotini. Ukimwambia "Shikamoo, mzee," ataitazama miguu yako kwanza, ndipo ajue anamjibu nani.

"Marahaba. Kisigino cha kushoto kinalia. Kilete."

Basi ulipoingia ule ugonjwa wa kifua uliofunga dunia, kila mtu akaamriwa kufunika pua na mdomo, na mtaa ukapotezana. Muuza nyama alimtania mama mkwe wake barabarani akidhani ni mteja tu, na tangu siku hiyo hajakanyaga ukweni. Mzee Soli peke yake hakupotea. Viatu havikuvaa barakoa.

Na yeye hakuvaa.

Si kwamba alikuwa mbishi. Wabishi walikuwepo. Wako waliosema huu ni ugonjwa wa watu wa kupanda ndege, sisi wa kwenda kwa miguu hautatuona. Wako walioiweka barakoa mfukoni kama kitambulisho, wakimwona mkubwa wanaitoa. Muuza nyama aliivaa kidevuni, ikamkingia jasho. Kinyozi aliitoboa tundu la kupitisha sigara. Msusi tu ndiye aliyeivaa sawasawa, hata akiwa peke yake chumbani, kwa kuwa jino lake la mbele lilikuwa limeng'oka na daktari wa meno alikuwa amefunga.

Mzee Soli alikuwa na sababu moja tu.

"Misumari nitaiweka wapi?"

Fundi viatu ana mikono miwili kama watu wengine. Mmoja unashika kiatu, mmoja unashika nyundo. Misumari inakaa mdomoni, imepangwa kati ya midomo, vichwa nje. Mdomo ndio mkono wa tatu. Ukiufunga, umemkata fundi mkono.

Mkewe aliipiga vita misumari hiyo maisha yake yote.

"Siku moja utapiga chafya uimeze," alikuwa akimwambia. "Nitakuzika na kilo nzima ya chuma. Wabeba jeneza watanilaani."

Mzee Soli hakumjibu. Atajibuje na misumari mdomoni? Kisha akatangulia yeye, mwaka mmoja kabla ya ugonjwa, na hakuwa amemeza chochote zaidi ya dawa.

Hata zamani Mzee Soli alikuwa mtu wa maneno machache. Baada ya msiba yalibaki mawili: "mmh" na "kesho." Mmh ni kwa kila swali. Kesho ni kwa anayeuliza kiatu chake kitakuwa tayari lini.

Alikaa na mwanawe, dereva wa malori, ambaye siku nyingi yuko njiani, na mkwewe, ambaye alishona sare za shule. Mafundi wawili nyumba moja: mzee barazani na nyundo, mkwe ndani dirishani na cherehani. Shule zilipofungwa, cherehani ikanyamaza. Ikabaki nyundo.

Siku moja Bwana Afya akapita. Kijana mrefu, viatu vyeusi vinavyong'aa, vinambana. Mzee Soli alivisikia vikilia kabla hajamwona mwenyewe. Kijana akasimama katikati ya njia, akawatazama watu. Midomo wazi kila upande.

"Wazee wangu, mama zangu, nawaheshimu," alisema. "Lakini nikirudi nikakuta nyuso tupu, nafunga mtaa mzima. Duka, bucha, saluni, mpaka hicho kigoda cha mzee."

Hapo ndipo barakoa zikawa dhahabu. Zile za kwanza zilikuwa zimeshachakaa, na vitambaa vikaadimika. Mwenye duka la pembeni, asije akakosa wateja wasio na barakoa, akatafuta moja akaitundika kwenye msumari mlangoni. Ukifika huna, unaivua msumarini, unaivaa, unanunua sukari yako, unaitundika tena kwa anayekufuata. Mtaa wote ulimsifu kwa akili hiyo. Hakuna aliyeona ubaya wake. Sheria ilisema uso ufunikwe. Haikusema kwa barakoa ya nani.

Mkwe naye akaona riziki imerudi. Akatoka barazani.

"Baba," alisema, "zile nguo za marehemu mama, zilizo kwenye sanduku la bati. Nichukue moja nishonee barakoa?"

Mzee Soli alikuwa anapigilia soli. Sasa, sharti ujue jambo moja kuhusu mzee huyu. Akipiga nyundo, kichwa chake huifuata. Nyundo ikishuka, kichwa kinashuka. Ikipanda, kinapanda. Na akili yake huwa ndani ya kiatu, haisikii hata ngoma. Mkewe alilijua hilo. Alikuwa akisubiri nyundo itue ndipo aulize. Mkwe alikuwa hajaambiwa.

Kichwa kikashuka, kikapanda.

"Hata lile gauni la njano? Ndilo pamba tupu."

Kikashuka, kikapanda, kikashuka tena, kwa nguvu.

"Asante sana, baba. Sikutegemea ungekubali upesi hivyo."

Akaingia ndani. Cherehani ikaanza kuimba. Mzee Soli akafurahi kuisikia, asijue inaimba nini.

Alijua wiki ileile. Muuza nyama alileta kiatu kilichofumuka. Akainama kuonyesha palipofumuka, barakoa ikateleza kidevuni, ikamdondokea mzee mapajani. Ya njano. Maua madogo meupe.

Misumari ikamtoka Mzee Soli mdomoni, mmoja mmoja, ikamwagika barazani.

"Umeitoa wapi hii?"

Muuza nyama akashtuka. Hayo yalikuwa maneno matatu kwa mpigo.

"Kwa mkweo. Nzuri, siyo? Inapitisha hewa."

"Ya mke wangu."

"Aa, mzee wangu, pole. Umechoka. Mkeo hakuwahi kuvaa barakoa. Alitutoka kabla ya haya mambo."

Mzee Soli aliinuka, barakoa mkononi, akaingia ndani. Mkwe alipouona uso wake, mguu ukaacha kukanyaga cherehani.

"Gauni," alisema mzee.

"Baba, nilikuuliza. Ulikubali. Ulitikisa kichwa, tena mara nyingi. Mpaka nikasema moyoni, kumbe mzee naye anataka tuishi."

Mzee akaitazama nyundo aliyokuwa bado ameishika. Akaelewa. Akakaa kitandani.

"Hukukosea," alisema. "Nyundo ndiyo iliyokubali."

Mkwe akaanza kulia. Lile gauni hakulijua habari zake. Mzee, kwa vijineno vyake, akamweleza. Mkewe alikuwa akilivaa kila wanapotoka pamoja. Siku moja liliraruka kwapani, na hapakuwa na uzi nyumbani ila wa viatu, ule mnene uliopakwa nta. Mzee akalishona kwa uzi huo, mishono mirefu kama ya buti. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Nimetiwa soli," aliwaambia majirani. "Sasa nikichakaa ananibadilisha kisigino." Akalivaa hivyohivyo, na watu wakawa wanatazama kwapa lake.

Mkwe akapangusa macho.

"Baba, nikivipata vipande vyote, nitaviunganisha. Halitavalika. Lakini nitalifanya liwe kitu cha kutundika ukutani, ukiingia unaliona."

"Vyote?"

"Vyote. Pakibaki pengo litaonekana."

Basi kesho yake mtaa ukasikia habari ambayo haijapata kusikika. Mzee Soli anatengeneza kiatu bure. Ukimletea barakoa ya njano yenye maua meupe, anachukua barakoa, unaondoka na soli mpya.

Watu walimiminika. Alikuja kinyozi na barakoa yake, nayo ameshaitoboa tundu la sigara. Mzee Soli aliingiza kidole kwenye lile tundu, kikatokea upande wa pili. Akamtazama kinyozi usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mzee, ningejua ni ya mama yetu, ningeacha kuvuta," alisema kinyozi.

"Mmh."

"Basi ningepunguza."

Wakaja na wasiokuwa nazo. Mama mmoja wa nyumba ya nyuma alileta barakoa ya njano, mbichi bado, imefungwa kwenye mfuko. Mzee akaigeuza. Hakuna maua.

"Yamefifia kwa jua," alisema mama.

Mzee akainusa.

"Hii ni manjano ya mchuzi."

"Jamani! Kwa hiyo viatu vyangu hunitengenezei?"

"Kesho."

Kazi kubwa ilikuwa msusi. Alikuja na kiatu mkononi, lakini barakoa akaishikilia usoni kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, omba kingine chochote. Hii sivui. Nikiivua, wateja wote watahamia kwa yule wa ng'ambo. Hakuna anayetaka kusukwa na mtu aliye na dirisha mdomoni."

Mzee Soli alifikiri. Akachukua kipande cha ngozi laini, ile ya kuwekwa ndani ya kiatu, akampima kwa macho, akakata, akashona, akatia kamba mbili za viatu. Msusi akaivaa pale pale na kuitoa ile ya njano kwa chini, jino lisionekane.

Ilimkaa vizuri. Tatizo ni kwamba alionekana kama aliyefungwa mdomo asing'ate. Mteja wake wa kwanza siku hiyo alisimama mlangoni akauliza kama yuko salama.

Jioni mzee alitandaza vipande kitandani. Marinda, lastiki, jasho la watu. Mkwe akavipanga, akavisogeza huku na kule.

"Kimoja hakipo, baba. Cha kwapa."

"Nani anacho?"

Mkwe akainamisha kichwa.

"Hakuna aliyekitaka. Ule uzi unakwaruza pua. Nikampa mwenye duka, ile yake ya mlangoni ilikuwa imechanika. Ndiye aliyemhurumia yatima."

Asubuhi Mzee Soli alitia vipande vyote kwenye mfuko wa kitambaa, akaubana kwapani, misumari mdomoni kwa mazoea, akaenda dukani. Aliikuta pale. Imening'inia mlangoni kwenye msumari, mshono wa nta umekaa katikati kama kovu.

Kabla hajanyoosha mkono, akaja mwanamume mmoja akaichukua, akaivaa, akanunua kiberiti, akaitundika. Nyuma yake akaja mama, akaivaa, akakunja uso.

"Aliyetangulia amekula kitunguu," alisema, akaagiza unga.

Mzee Soli alisimama akiwatazama. Mke wake alikuwa mtu wa watu, hilo lilijulikana. Lakini si kiasi hicho.

"Nipe hiyo," alimwambia mwenye duka, kwa pembe ya mdomo.

"Mzee, hiyo haiuzwi."

"Siinunui. Nachukua."

"Ukichukua, nusu ya wateja wangu hawaingii. Wewe mwenyewe umewavua barakoa zao zote. Hujaona? Tazama nje."

Mzee akageuka kutazama, na kwa mara ya kwanza akaziona nyuso za mtaa wote, si miguu. Muuza nyama, mdomo wazi. Kinyozi, mdomo wazi, na sigara. Kina mama foleni ya maji, midomo wazi wote, wanacheka. Viatu viling'aa mtaa mzima, soli mpya kila mguu. Na juu, nyuso tupu.

"Niletee nyingine mahali pake," alisema mwenye duka, "moja tu, nami nakupa hii. Si una mfuko mzima hapo?"

Mzee akaubana mfuko. Moja kwa moja, ni haki. Lakini ile atakayoitoa ndiyo itakayokuwa pengo.

Alikuwa bado anapima jambo hilo alipousikia mlio. Ngoi, ngoi, ngoi. Viatu vyeusi, vinabana, vinapanda njia kutoka barabarani.

"Bwana Afya!" alisema mzee, misumari ikigongana.

"Wapi? Simwoni."

"Anakuja. Namsikia."

Hakuna aliyebisha. Kwenye viatu hakuwahi kukosea. Habari ikaruka. Muuza nyama akashika kidevu, hakuna kitu. Kinyozi akajaribu kujifunika kwa taulo la mteja, na mteja akakataa kuliachia. Mama mmoja akajiziba na kifuniko cha sufuria.

"Mzee, tumekwisha!" alipiga kelele muuza nyama. "Anafunga! Nyama yangu itaoza!"

Mzee Soli alisimama mlangoni mwa duka. Kwapani alikuwa na gauni zima, pungufu kipande kimoja, na hicho kimoja kilikuwa mbele ya pua yake. Angenyoosha mkono, akatoka mlango wa nyuma, na jioni gauni lingekuwa ukutani.

Mlio ukakaribia kona.

Alifungua mfuko.

"Chukueni."

Hawakuulizana. Mikono iliingia ikatoka. Kila mtu akavaa alichokipata. Kinyozi akaivaa ya tundu, akalisogeza tundu pembeni. Mwenye duka naye akaipandisha yake kutoka shingoni. Kufumba na kufumbua, mfuko ukabaki mtupu.

Bwana Afya akatokea konani. Akasimama. Mtaa mzima, kutoka bucha mpaka saluni, ulikuwa njano yenye maua meupe. Hapa na pale tu ya rangi nyingine. Na mlangoni mwa saluni, mtu amefungwa ngozi.

"Nyinyi ni kwaya?" aliuliza.

"Ni familia moja," alijibu muuza nyama, barakoa juu ya pua kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze.

Kijana akatembea polepole, akikagua. Hakuona kosa. Kwa msusi alisita, akafungua mdomo, msusi akamtazama, akaufunga. Mwisho akafika dukani.

"Na wewe, mzee? Shikamoo. Mdomo wako uko wazi."

Mzee akauona mfuko, mtupu. Mwenye duka akanyoosha mkono mlangoni. Aliivua ile ya msumarini, akampa.

Mzee Soli akaipokea. Akaileta usoni, akakumbuka misumari. Akaangaza huku na kule. Swali lake lilikuwa lilelile, na sasa halikuwa na utani ndani yake.

"Misumari nitaiweka wapi?"

Mwenye duka akamsogezea kifuniko cha kopo. Mzee akainama, akaitema yote. Iligonga bati, ting, ting, ting. Kisha akavaa.

Ule uzi ukamkwaruza pua. Alivuta pumzi akitafuta harufu ya mkewe. Akapata kitunguu, tumbaku na mafuta ya taa. Mtaa mzima ulikuwemo mle, yeye tu ndiye aliyekuwa hayumo. Akavuta tena. Macho yakamlowa, na kwa bahati barakoa inaficha nusu ya jambo.

"Mzee, huo si uzi wa viatu?" aliuliza Bwana Afya.

"Wa viatu."

"Haukwaruzi?"

"Unakwaruza. Yeye aliuvaa miaka mingi, wala hakulalamika."

Kijana hakujua huyo yeye ni nani. Akaitikia kwa heshima tu, akageuka kuondoka.

"Kijana," alimwita mzee. "Viatu vyako vinakuumiza. Vilete kesho."

Siku hiyo mchana walikuja barazani kumrudishia, wameongozana, muuza nyama mbele.

"Mzee wangu, chukua mali yako. Tumeshaponea."

Mzee Soli hakuipokea.

"Vaa. Lakini puani. Mke wangu hakuwa mtu wa kidevuni."

Wakaondoka nazo, wamevaa puani wote, mpaka konani walau. Ile ya kwapa tu ndiyo iliyobaki kwake. Mkwe aliichemsha kwa sabuni, akaianika, akaichemsha tena. Alitaka kuutoa ule uzi, aweke laini. Mzee akakataa. Na mwenye duka alipoona ule msumari wake hauna kitu, akatundika kipande cha sabuni, na ndoo chini yake.

Asubuhi iliyofuata mzee alikuwa kigodani, barakoa usoni, soli ya Bwana Afya mbele yake. Misumari ilikuwa kwenye kifuniko cha kopo, pembeni. Alichukua mmoja kwa vidole, akaupiga. Akaweka nyundo chini, akachukua mwingine. Kazi ilikwenda kama konokono.

Mkwe akatoka ndani. Alisimama kidogo, akatazama kichwa kikishuka na kupanda. Kisha akanyoosha mkono, akaishika nyundo hewani, akaichukua, akasubiri mpaka kichwa kikatulia kabisa.

"Baba, sasa nakuuliza. Mapazia ya chumba cha nyuma, nikate barakoa?"

"Mapazia chukua. Sanduku usiguse."

"Nimesikia, baba."

Akamrudishia nyundo. Mzee akaokota msumari mwingine kifunikoni, akaugeuza vidoleni, akautazama kama mtu anayetazama kitu alichonyang'anywa.

"Umeshinda. Sitaimeza," alisema ndani ya kitambaa.

"Nani, baba?"

"Mmh," alisema Mzee Soli, akapiga.